Mkono Begani

Programu ya zamani ilijua kukata na kung'arisha tu. Hii ya wataalamu ilikuwa na vitufe vingi kuliko madoa ya kanga, na Masunga, mpiga picha, alikuwa anapigana nayo tangu asubuhi.

“Mkono bado upo,” alisema Nyamizi, mjane aliyeleta picha, kwa mara ya nne.

Picha ilikuwa ya kutangulia mbele ya jeneza la mumewe. Marehemu alikuwa anacheka. Mwanamke aliyekuwa kando yake alishakatwa, lakini mkono wake, wenye bangili tatu, ulibaki umemshika bega.

“Nakata, mama, lakini kila nikigusa hapa bega nalo linakwenda na maji!”

“Niliambiwa wewe ni fundi.”

Masunga aliuma meno, akabonyeza. Mkono ukatoweka, shati likajaa vizuri kabisa, kama halijawahi kuguswa na mtu. Akashusha pumzi.

Nyamizi akainamia kioo cha kompyuta, akatazama kwa muda mrefu.

“Sasa anachekea nini?”

Masunga alitamani kuibeba kompyuta akaitupe barabarani. “Mama, si wewe uliyesema mkono utoke?”

Nyamizi alikuwa amegeukia mlangoni. Nje, kwenye benchi, mke mwenzake alikuwa amepakata mikoba yao yote miwili, bangili tatu mkononi, akimsubiri.

“Funga hiyo,” alisema Nyamizi. “Fungua ile picha ya mwanzo, kabla hujamkata.”