Mbuzi Aliyevaa Kanga

Miaka hiyo vitabu vya picha vilikuwa na masikio. Mtoto akisomewa, kisha siku saba zikapita bila yeye kusema "Tena!", picha zilijifuta zenyewe na kitabu kikahesabiwa kuwa hakifai.

Ndiyo maana Bibi Nyamizi, siku ya saba tangu amsomee mjukuu wake kitabu, alikuwa akimbembeleza kama anayemnywesha dawa. "Kabula, mama, sema basi. Sema tena."

Kabula, mtoto wa miaka minne, alikuwa amelala kifudifudi mbele ya kitabu, akimkuna kidevu yule mbuzi wa pichani aliyevaa kanga, kama alivyofanya wiki nzima.

"Tena!" Bibi akasema mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya kitoto. Kitabu hakikudanganyika.

Asubuhi kurasa zote zilikuwa nyeupe pe. Kabla Bibi hajapata pa kukificha, Kabula alishakipakata. Akakuna pale palipokuwa na kidevu, akasimulia hadithi nzima neno kwa neno, hata kikohozi cha Bibi hakukiruka.

Alipofika mwisho, akamsukumia Bibi kile kitabu cheupe.

"Tena."