Jibu Kuhusu Pete ya Mpira

Mkono wa kushoto wa Hendel ulikuwa umekishika kiganja cha baba yake kisije kikaivuruga karatasi. Wa kulia ulikuwa unaghushi sahihi ya mzee huyo.

Alikwisha kuizoea kazi hiyo. Kwa miezi kumi na minne Wayahudi wa Antwerp walikuwa wakimletea Rabi Zelig Tirnauer maswali yao ya sheria ya dini, na kwa miezi hiyo hiyo majibu yalikuwa yakitoka kwa binti yake mjane, ambaye kwenye baraza la marabi asingekaribishwa hata kupeleka chai. Maswali yaliingia kwa bahasha chini ya mlango. Majibu yalibandikwa kwenye ubao wa sinagogi. Rabi anaumwa kifua, Hendel aliwaambia watu, hapokei wageni.

Kifua cha mzee kilikuwa kizima kabisa. Kilichoondoka ni akili. Hakumjua tena binti yake, na alitafuna chochote kilichomfikia: pindo la koti, kona za vitabu, mpini wa mwavuli. Mwishowe Hendel alimfungia ndani kwa muda wa saa mbili, akapanda treni hadi mji wa Mechelen ambako hakuna anayemjua, akanunua pete ya mpira, zile wanazopewa watoto wanaoota meno. Alimwambia muuzaji ni ya mpwa wake.

Siri hiyo ikitoka, kila jibu la mwaka mzima litatiliwa shaka, katika kila jiko lililopika kwa kulifuata, na baba atakwenda kaburini akiitwa mwongo. Kwa hiyo Hendel hatoki, ila kukimbia kubandika jibu na kurudi. Harusi ya binti wa dada yake aliisikia kwa simu. Mapazia hayafunguliwi. Kuna siku anamchukia baba yake kwa hilo, kisha anamwosha uso na kulia.

Swali la safari hii lilikuwa jepesi. Karatasi iliyopigwa chapa, bila jina: "Kitu cha kutafuna kisicho chakula, kama pete ya mpira, kinahitaji muhuri wa kosher? Nyumbani kwetu yuko anayetafuna kutwa."

Hendel alicheka peke yake. Mama kijana huyo, aliwaza, na mtoto wake wa kwanza. Watu siku hizi hata viatu wangependa vipigwe muhuri kwamba ni halali kwa Myahudi. Akaandika kwamba kisicholiwa wala kutiwa ladha hakihitaji muhuri wa mtu yeyote. Angeishia hapo. Lakini hili ni jambo alilolijua kuliko marabi wote wa Ubelgiji, na kalamu ikamponyoka: "Ioshe kwa maji vuguvugu. Usimnyang'anye, mpe kwanza kitu kingine mkononi. Wala usimwonee haya."

Jibu likabandikwa Jumapili. Jumatatu asubuhi mlango ukagongwa.

Alikuwa Rabi Fishel Wolbrom, jaji wa baraza, mtu aliyewahi kufunga duka la mikate kwa sababu ya yai moja lenye doa la damu. Aliingia akauacha mlango wazi nusu, maana dini haimruhusu mwanamume kujifungia ndani na mwanamke asiye mkewe. Nje, Bi Grosz wa ghorofa ya pili alikuwa anafagia ngazi ambayo tayari ilikuwa imefagiwa.

"Baba hapokei wageni, Rabi. Kifua."

"Mimi si mgeni. Nimesoma kwake miaka tisa."

"Amelala."

Chumbani mpira ulisikika ukitafunwa. Rabi Fishel aliutazama mlango wa chumba, kisha akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na tundu la pini ya ubaoni.

"Jibu hili nimelisoma mara nne. Sheria imekaa sawa, sina neno." Akashusha sauti. "Ila huu mstari wa mwisho. Mtoto anayeota meno, Hendel, nani anamwonea haya?"

Kule ngazini ufagio ulinyamaza.

"Baba ana maneno yake."

"Baba yako? Huyo hajawahi kuandika neno la huruma mahali ambapo la sheria linatosha. Mimi alikuwa akinikaripia hadi siku niliyooa."

Hakungoja jibu. Alimpita, akausukuma mlango wa chumba.

Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, ndevu zimelowa, pete mdomoni. Akawatabasamia wote wawili kama wapita njia. Hendel aliegemea ukuta. Aliogopa, na katikati ya hofu akagundua kwamba amechoka kiasi cha kutamani aumbuke yaishe.

"Tangu lini?" Rabi aliuliza.

"Kabla ya Pasaka ya mwaka jana."

"Na majibu?"

"Yangu. Yote." Akafuta macho kwa kiganja. "Nifanyieni mtakavyo, Rabi, nitasimama mbele ya baraza. Ila baba msimtaje. Nakuomba."

Rabi Fishel alichuchumaa mbele ya mwalimu wake, akakaa muda mrefu akiliangalia lile taya linavyokwenda. Kisha akanyoosha mkono kuichukua pete. Mzee alinguruma, akaibana kwa meno. Rabi akasita, akatoa leso yake, akaiweka kwanza katika kiganja cha mzee. Pete ikaachiliwa bila ugomvi.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Alibaki ameishika, imelowa mate, wala hakuufuta mkono. Alipomgeukia Hendel macho yake yalikuwa mekundu. Alitupa jicho kwenye mlango ulio wazi, akanong'ona chini kabisa, Bi Grosz asisikie.

"Swali lile nililipiga chapa mimi. Mke wangu ana miaka hamsini na sita, na tangu sikukuu ya Hanuka nimemfungia ndani."