Tone la Buluu

Tone la dawa ya buluu ya kupimia chuma lilitoka kwenye bomba la sindano, likatua pale ngazi ya chuma cha pua ilipochomelewa, likatetemeka, likatulia. Binti akazuia pumzi.

Likigeuka rangi ya shaba, basi chembe za chuma cha kawaida zimebaki juu yake na ngazi itashika kutu. Na Shangazi, mwenye karakana, atairudia ile asidi kali ya kusafishia, iliyokuwa ikimla kifua miaka yote.

"Umeiogesha kwa asidi ya ndimu, mwanangu," Shangazi alisema, mikono kiunoni. "Hivi hapa tunatibu chuma au tunakoroga juisi?"

"Subiri kidogo tu, Shangazi."

"Nasubiri. Nikichoka nitaleta sukari."

Binti hakuthubutu kucheka. Ndani ya tone aliiona taa ya karakana, ndogo kama punje ya mchele, na kuizunguka ukingo mwembamba ambako wekundu ungeanzia.

Shangazi akainama, akasogeza miwani, akalifuta tone kwa kitambaa. Chuma kiling'aa, hakina hata doa.

"Weka jingine. Hapa, nilipochomelea vibaya."

Nalo likabaki buluu.

 Shangazi alivua barakoa, akaenda mlangoni akitembea kama msichana, akamwita jirani yao mshonaji ambaye, kwa sababu ya moshi wa asidi, hakuwahi kufungua dirisha la upande wao.

"Mama Mapazia! Fungua dirisha, mama! Fungua lote!"