Magoti Manne

Barafu ya asubuhi ile ilipasuliwa mafungu manne: mawili ya magoti ya Bing, mawili ya magoti ya mama yake. Walikaa kwenye kochi moja, miguu juu ya stuli moja, wakinywa uji wa mchele wenye tangawizi.

Bing Macaraeg alikuwa na miaka thelathini na minne. Timuni walimwita Bibi. "Bibi, mkongojo umeusahau wapi leo?" wasichana walimtania, naye alicheka nao, kisha akaenda kujifunga bandeji pale wasipomwona. Miaka ishirini alikuwa anaruka mbele ya wavu: kwanza miguu mitupu kwenye uwanja wa saruji wa mtaani kwao, halafu chuoni, halafu timu ya taifa, halafu klabu. Alikuwa amechoka, jamani. Alichoka hadi kucha. Daktari naye alishamwambia bila kumung'unya maneno: goti la kulia limebakiza msimu mmoja, na baada ya huo atatembea kwa fimbo.

Pa kwenda palikuwapo. Shule ya masista kule Lingayen ilimtaka awe mwalimu wa michezo. Filimbi, watoto, kulala mapema! Aliiwaza kazi ile kama mwenye njaa anavyowaza wali. Kilichobaki ni kuukataa mkataba mpya wa klabu, na mwisho wa kujibu ulikuwa leo, Ijumaa, saa sita mchana.

"Sasa si ukatae?" rafiki yake Tess alimwambia juzi mazoezini. "Nani kakufunga kamba?"

"Mama."

"Mama yako? Huyo ambaye hata uwanjani haji?"

"Haji kwa sababu moyo wake hauwezi kutazama. Wewe hujayaona magoti yake, Tess. Nyamaza tu."

Mambo yalianza miaka kumi na miwili nyuma, wiki ile goti la Bing lilipochanika mara ya kwanza. Alibebwa kwa machela akipiga kelele, mbele ya kamera na mbele ya mama yake, kwamba bila voliboli afadhali afe. Ijumaa iliyofuata mama Felisa alikwenda kanisa la Quiapo akaweka nadhiri kwa Mnazareti, sanamu ya Yesu aliyebeba msalaba: kila Ijumaa atatembea kwa magoti, kutoka mlango wa kanisa hadi altareni, mpaka ombi lake lijibiwe. Aliomba nini, hakusema. Ombi la nadhiri halitajwi kabla halijajibiwa, la sivyo linaharibika. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini mtaa mzima ulijua, nani asingejua? Goti la Bing lilipona, akarudi uwanjani, na mama akaendelea kutembea kwa magoti.

Timu ya taifa ilipopata medali ya fedha, Bing alimvisha mama yake shingoni. "Sasa si basi, Mama? Pumzika."

"Bado."

Klabu ilipochukua ubingwa, bado. Bing alipofanywa nahodha wa taifa, majirani walichoma nguruwe mzima, wakaimba hadi sauti zikawakauka, na mama akamtazama kwa macho mekundu. "Bado, mwanangu."

Haya, kumbe mama anataka dhahabu, Bing aliwaza. Na kila alipotaka kuacha aliyaona magoti yale, meusi, yenye sugu kama kisigino cha mkulima, akaona haya. Angemwambia nini? Kwamba yalichubuka bure?

"Unawaza nini wewe?" mama aliuliza kwa kelele. Mwaka ule alikuwa amekuwa mzito wa kusikia, na hata akinong'ona, jirani aliitika.

"Mkataba."

"Eeh?"

"MKATABA, Mama! Nitie saini?"

Mama aliukoroga uji wake, akaukoroga tena. "Miguu ni yako," alisema mwishowe. "Mimi niseme nini? Twende kanisani, tunachelewa."

Walipofika, Bing alikaa kwenye ngazi za mlangoni kama siku zote, ndala za mama yake mapajani. Huwa haingii naye. Nadhiri ni ya mwenyewe. Mama alijishika ukutani, akashuka chini taratibu, goti moja, la pili, akaanza safari.

Saa sita kasoro dakika ishirini. Bing aliutoa mkataba mkobani. Aliwaza filimbi na watoto wa Lingayen mara moja tu, ya mwisho. Kisha akatia saini, akaipiga picha karatasi, akaituma.

Kocha alijibu papo hapo. "Bibi wangu! Nilijua huwezi kutuacha!"

Aliponyanyua macho, mama alikuwa amekwama katikati ya kanisa, mkono kwenye benchi. Bing aliziacha ndala akaenda mbio, akapiga magoti kando yake, na goti la kulia likamchoma hadi machozi yakamtoka. Alimshika kwapani. Mama hakugeuka, macho alikuwa ameyafumba, labda alidhani ni muumini mwingine tu mwenye huruma. Wakasogea hivyo, benchi baada ya benchi, hadi mbele.

Pale mama aliinua uso kwa Mnazareti, akanong'ona, na watu wa mabenchi matatu wakageuka.

"Bwana, ni Felisa tena. Yeye mwenyewe siwezi kumwambia, alisema bila mpira atakufa. Mtoe Wewe kule uwanjani, Bwana, angali na miguu. Na kama leo tena ni hapana, basi, nitakuja Ijumaa."