Dawati la Nyuma

Chapati ilikuwa juu ya dawati la Edina tena, imefungwa kwenye gazeti. Edina aliisukuma kwa ncha ya kalamu hadi ikaanguka chini.

Hakuuliza nani kaiweka. Alijua ni Raheli wa dawati la nyuma, yule mwenye viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi la mtaa wa Nkuhungu, ambaye kila jioni aliingia darasani akihema wakati Edina ameshashuka zamani kwenye bodaboda na kukaa zake mbele.

Kituo chenyewe cha masomo ya jioni hakikuwa cha kujivunia. Vyumba viwili vya kupanga huko mtaa wa Kikuyu, Dodoma, ubao mmoja, na watu ambao shule ilishawatupa mkono. Edina aliwadharau wote. Alimdharau Meshack, mlinzi wa benki aliyesinzia kila kipindi cha hesabu, na Penina aliyenakili notsi huku ananyonyesha. Lakini dharau yake kwa Raheli ilikuwa ya peke yake. Wenzake walimwita mama: shikamoo mama, mama naomba rula. Edina alimwita Raheli, kavu kavu, na shikamoo hakumpa hata siku moja. Tangu mwanzo alimvuta pembeni akamwonya asithubutu kumsemesha mbele za watu. Raheli alilishika onyo hilo vizuri kuliko alivyoshika somo lolote.

Mwalimu Wambura aliingia, akaita majina. Kila mmoja alijibu "present". Raheli peke yake alijibu, "Nipo, mwalimu," kama mtu aliyebishiwa hodi nyumbani kwake. Edina akasonya.

"Kesho asubuhi natuma majina ya watakaofanya mtihani wa taifa," alisema Wambura. "Kabla sijatuma, kila mtu asimame aseme ametoka wapi, amefika wapi na atarekebisha nini. Msinidanganye, maksi zenu ninazo."

Edina aliupenda mchezo huo, maana kwa maksi hapakuwa na wa kumfikia. Kilichomponza siku zote ni mdomo. Mdomo ndio uliomfukuzisha sekondari, ukamfukuzisha na kituo cha kwanza. Hiki kilikuwa cha mwisho. Jina lake lisipokwenda kesho, hakuna mwalimu mwingine Dodoma nzima ambaye angempokea, na chuo cha uuguzi angekisikia kwa wenzake tu.

Raheli aliitwa kwanza. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nilipoanza, mwalimu, baiolojia nilikuwa sielewi hata kichwa cha habari. Sasa naelewa nusu. Kiingereza bado kinanitesa. Nikikisoma kwa sauti natetemeka. Hicho ndicho nitakachorekebisha."

Alisema hayo kwa lafudhi ileile ya kijijini Buigiri ambayo Edina aliitambua mapema mno, na iliyomkera kupita kiasi.

"Na kilichokurudisha shule ni nini, mama, kwa umri huo?" Wambura aliuliza.

Raheli alitazama ubao. "Kuna mtu nilimsihi arudi kusoma. Akaniambia kama shule ni rahisi hivyo, nikasome mwenyewe. Nikaona basi, twende."

Darasa likacheka, cheko la upendo, na Meshack akapiga makofi. Edina hakucheka. Hivi mtu mzima hana hata aibu, kuanika mambo ya ndani mbele ya walinzi na wanyonyeshaji?

"Edina," aliita Wambura.

Alisimama taratibu, kidevu juu.

"Mimi progress yangu mnaijua. Namba moja kila mtihani. Cha kurekebisha sina, labda darasa. Lengo langu ni kusoma na watu wa level yangu."

"Unamsema nani?"

"Huyo hapo nyuma. Kila kipindi tunarudia kitu kimoja kwa ajili yake. Kichwa kimeshakauka, hakiingii kitu. Angebaki huko kwao na mbuzi wake, sisi tungekuwa mbali."

Mtoto wa Penina aliacha kunyonya. Wambura aliweka chaki mezani.

"Huyo ni sawa na mama yako, Edina."

"So?"

"Hivi mama yako akisikia unavyoongea na watu wazima, atasema nini?"

"Hawezi kusema kitu," alijibu Edina, na alikuwa na hakika ya hilo. "Hajawahi."

"Vizuri. Basi nenda kamlete, nimsikie asivyosema." Wambura hakupaza sauti. "Leo hii, kabla sijafunga ofisi. Usipokuja na mzazi, jina lako siandiki. Ukalipeleke hilo jina mahali pengine."

Edina alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Akabeba mkoba wake, akatembea hadi mlangoni, na hapo akasimama. Nje jua lilikuwa bado linawaka barabarani, bodaboda zinapita, lakini yeye hakuwa na pa kwenda. Akabaki ameshika fremu ya mlango, mgongo kwa darasa.

"Unangoja nini?" aliuliza Wambura. "Au mzazi huna?"

Edina aligeuza kichwa, macho yakaenda dawati la nyuma.

Dawati la nyuma likalia. Raheli alikuwa amesimama. Alijifunga kanga vizuri, akapita katikati ya madawati, akainama kuiokota ile chapati na kuipangusa vumbi.

"Mama yake mzazi nipo, mwalimu," alisema.