Kitufe cha Pili

Bi Zuwena alikuwa ametoka eda juzi tu, na mgeni wa kwanza kufunguliwa lango alikuwa Bwana Shekue, aliyekuja kukagua gari la marehemu Athmani kabla ya kulinunua.

Bwana Shekue hakuwa na haraka. Alinusa oili, akapapasa rangi akitafuta palipopakwa upya, kisha akaketi kwenye usukani.

"Magari haya ya kifahari yana akili, mama," alisema, akionyesha vitufe viwili mlangoni. "Yanakumbuka mkao wa kila dereva. Tazama."

Akabonyeza cha kwanza. Kiti kikarudi nyuma taratibu, kikalala kidogo. Ndivyo Athmani alivyokuwa akikaa na miguu yake mirefu. Bi Zuwena akatabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Na hiki cha pili ni chako."

Kiti kikasogea mbele, kikazidi kusogea, kikapanda juu. Vioo vikainama. Magoti ya Bwana Shekue yakabanwa na usukani, akacheka. Kisha akamtazama Bi Zuwena, mrefu kama mlingoti, na kicheko kikamkauka.

"Mimi sijui kuendesha," alisema Bi Zuwena.

"Pengine ni fundi, mama."

"Pengine. Hebu nipishe."

Akaingia, magoti yakabanwa vilevile, akafunga mlango. Akaanza kuinamisha kichwa polepole, chini, chini zaidi, hadi usawa wa macho ya mtu mfupi, mpaka kioo kikamwonyesha lango la nyumba yake, likiwa wazi.