Dole Gumba Kwenye Kioo

"Mama, futa kile kioo upesi, wageni wanakuja kuona ugunduzi wangu," mkuu wa maabara alimwambia mjane aliyesafisha pale.

Kioo kilikuwa kidogo kama kifungo cha koti, kazi ya marehemu mumewe. Kilielekeza mwanga kwenye gesi ili molekuli zitetemeke, na doa dogo tu la mafuta lilitosha kuuvuruga mwanga huo. "Zisipotetemeka, mke wangu," marehemu alizoea kusema, "ioni, zile chembe zenye umeme, huzipita bila kuungana nazo, kama hazijuani."

Siku ya msiba, mkuu alimletea karatasi asiyoweza kuisoma aweke dole gumba; kumbe kwa karatasi ile alikuwa akijitwalia jasho la marehemu.

"Mungu wangu, hili tutaongea baadaye," mjane alinong'ona. Akaweka kitambaa kando, akapitisha dole lile lile kwenye nywele zake zenye mafuta, akalibonyeza katikati ya kioo.

"Tayari, bosi. Kawaonyeshe ugunduzi wako."